Uzi Mwekundu Nyuma ya Spika

Kaka alimtangaza mama kuwa kiziwi siku ya Jumapili, sebuleni kwake, katikati ya filamu, na hakupunguza hata sauti ya runinga ili tangazo lenyewe lisikike vizuri.

Tulikuwa wanne: kaka, mkewe, mama na mimi. Runinga yao mpya ilikuwa pana kama mlango wa kabati na nyembamba kama sinia, imebandikwa ukutani juu ya sakafu ya vigae vinavyoteleza. Filamu ilikuwa ya lugha yetu wenyewe. Hata hivyo mama alikuwa ameshauliza mara tatu, "Kasema nini huyo?" Mara ya kwanza wifi alimweleza yote. Mara ya pili alimweleza nusu. Mara ya tatu alimjibu kwa kikohozi. Mama alipouliza mara ya nne, kaka akageuka kwenye kochi.

"Mama, husikii," akasema. "Tusifichane. Masikio yamekwisha."

"Nasikia. Hao ndio wanaonong'ona."

"Mbona sisi tunasikia?"

Mama akanyamaza. Nilishtuka, maana mama yangu hanyamazi akibishiwa. Mama yangu akibishiwa huvuta kiti.

Mama ni fundi wa cherehani, na simaanishi mshonaji. Mshonaji ndiye mteja wake. Cherehani ikigoma, ikiruka mishono, ikilia kama paka aliyekanyagwa mkia, inaletwa kwenye karakana yake, chumba kimoja mbele ya nyumba yetu kinachotazama barabara. Kwa miaka ishirini na sita hajawahi kufungua mashine kabla ya kuisikiliza. Anamwambia mteja, "Kanyaga," anafumba macho, anainamisha kichwa, kisha anatoa hukumu: sindano inagusa chuma, mkanda umelegea, umetia mafuta ya kupikia, usinidanganye. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Bi Sikio. Siku moja mshonaji alipiga simu kutoka mji mwingine, akailaza simu mezani, akakanyaga, na mama akamwambia ni skrubu ipi aikaze. Alikaza, ikapona.

Mashine zinazosubiri matibabu hufungwa uzi mwekundu shingoni. Ikipona, uzi unakatwa. Kaka na mimi tuliujua uzi mwekundu kabla ya kuzijua herufi: huyu mgonjwa, usimguse, usimtumie.

Lakini kaka aliikimbia grisi mapema. Sasa ni afisa wa bima, mtu anayelipwa mshahara kuona ajali pasipo na ajali. Na pale kwenye kochi akatoa habari aliyokuwa ameitunza kifuani: kuna mfanyabiashara wa simu anakitaka kile chumba cha karakana. Anakipanga mara moja, vitu vya mama vikitoka tu. Anataka jibu baada ya wiki mbili.

"Fundi wa kusikiliza asiyesikia," akasema kwa ule upole wake wa ofisini, "ni ajali inayosubiri fomu. Umefanya kazi ya kutosha, mama. Pumzika."

"Kapumzike wewe," nikasema.

"Kidomo, hatuongei na wewe."

Kidomo ni mimi, kitinda mimba, msaidizi wa mama karakanani. Jina nilipewa nikiwa na miaka minne na sijawahi kulikataa. Mdomo nao ni mali.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Mama alitembea akiangalia chini, kama mtu aliyeangusha sindano.

"Labda ni kweli," akasema. "Na fundi asiyesikia ni mchinjaji tu, mwanangu. Anakata bila kujua anakata nini. Sitaki kufika huko."

"Mama, wifi alicheka kabla yule mchekeshaji hajamaliza kusema."

"Ana furaha."

"Alicheka *kabla*. Mara mbili. Mtu anachekaje kitu ambacho hajakisikia?" Hapo nikasimama katikati ya njia, na mwenye baiskeli akanitukana akipita. "Mama, hawasikii wale! Wanasoma! Yale maandishi ya kigeni yanayopita chini ya picha. Wewe bila miwani unayaona kama sisimizi. Wao wamekaa wanaisoma filamu kama gazeti, halafu wanakuita wewe kiziwi!"

Mama akacheka kidogo, kisha kicheko kikakatika.

"Umesema vizuri. Lakini wao kusoma hakunifanyi mimi nisikie. Mimi sikusikia, Kidomo."

Huyo ndiye mama. Hata akitetewa, hapokei hoja yenye mshono uliolegea.

Sasa, runinga ya zamani ya kaka ilikuwa kwetu. Alituachia alipopata kubwa zaidi, nasi tuliiweka sebuleni ikakaa kama picha ya ukutani, kwa sababu sauti yake ilikuwa ile ile: inatokea mgongoni, inagonga ukuta, inarudi imechoka. Mimi nilikuwa nimeweka akiba miezi minane ili ninunue spika, tuwe na sinema yetu ya kwanza ya nyumbani. Akiba haikuwa kubwa, lakini ilikuwa yangu. Nikampigia kaka.

"Jumapili ya wiki ya pili njooni kwetu," nikamwambia. "Tutaangalia filamu, bila maandishi. Mama asiposikia, mwite mtu wako wa simu, na mimi mwenyewe nitabeba vitu kuvitoa karakanani. Akisikia, usiitaje tena karakana mpaka uzeeke."

"Mbele ya mama?" akauliza.

"Mbele ya mama na mkeo."

"Sawa. Ila usiende kununua takataka, Kidomo. Wewe nakujua, unapenda vitaa-vitaa."

Alinijua kweli. Hilo ndilo lililonikera.

*

Dukani spika zilikuwa zimepangwa ukutani toka sakafuni mpaka darini, kama watazamaji waliofika kabla ya mchezo. Muuzaji, kijana mwenye shati lililopigwa pasi hadi likawa na makali, alimwamkia mama shikamoo, kisha akanitupia jicho la haraka ili ajue nani mwenye pesa na nani mwenye tamaa. Wote wawili walikuwa mimi.

"Hii hapa, dada. Vipande sita. Spika tano na sabufa yake. Wati elfu moja. Taa zinabadilika rangi kufuata mdundo."

Akawasha. Kwenye kioo cha maonyesho daraja likalipuka, helikopta ikaanguka, mtu akaruka na pikipiki juu ya moto. Sabufa ikapiga mpaka sketi ikanitikisika mwilini. Taa zikawa buluu, zikawa zambarau, zikawa nyekundu. Nakiri: nilipenda. Nilikuwa nimeshafungua mkoba.

"Kijana," mama akasema, "una mtu anayeongea?"

"Anayeongea nini, mama?"

"Chochote. Sijaja kununua bomu. Nataka mtu atulie aongee."

Kijana akamtafutia msomaji wa habari. Kupitia vipande sita na wati elfu moja, msomaji wa habari alisikika kama mtu aliyetumbukia ndani ya pipa na anaendelea na kazi ili asifukuzwe.

"Debe tupu," mama akasema, na hakuona haja ya kuimaliza methali.

"Lakini kwa bajeti yenu, mama, ndiyo kubwa kuliko zote."

"Kwani tunanunua nyumba?" Akatoa simu yake kwenye mkoba. "Nichomekee hii."

Mama huirekodi kila mashine kabla ya kuitibu na baada ya kuitibu. Ana rekodi nyingi kuliko picha za watoto wake. Aliyoichagua ilikuwa cherehani ya mshona mikoba iliyoingia asubuhi ile ile, yenye ugonjwa mdogo na mjanja: kila mshono wa tisa sindano iligusa chuma, tik, kama ukucha kwenye glasi. Kwenye vipande sita ilitoka ngurumo tu, lori limeegeshwa bila kuzimwa. Kijana akahamia seti nyingine ya plastiki nyeupe, ndogo, nzuri machoni. Humo cherehani ikageuka nyigu ndani ya kopo. Seti ya tatu, nyigu wawili.

"Na hizo?" Mama akanyoosha kidole chini.

Chini kabisa, karibu na ndoo ya kudekia, zilikaa spika mbili za mbao zilizofika magotini. Hazikuwa na taa hata moja. Kona ya mojawapo ilikuwa imepondeka.

"Hizo zilirudishwa, mama. Mteja alilalamika hazina mdundo. Nikikupa na amplifaya ndogo, bei inaingia kwenye bajeti yenu na inabaki ya waya. Ila kwa sinema siwezi kukushauri. Ziko mbili tu, na ona hiyo kona ilivyopondeka."

"Hata goti langu limepondeka, na nimekuja hapa kwa miguu. Washa."

Akawasha. Mama akafumba macho, akainamisha kichwa, na duka zima likawa karakana. Midomo yake ilihesabu bila sauti. Saba. Nane. Tisa.

"Tik," akasema. Saba, nane, tisa. "Tik."

"Mimi sijasikia kitu," kijana akasema.

"Rudisha." Akarudisha. "Tik. Na hapo nje kuna mtu anafagia."

Ni kweli: mama alipokuwa anairekodi mashine ile, jirani alikuwa ng'ambo ya barabara na ufagio wake. Mimi nilimwona kwa macho. Kumsikia, sikumsikia asubuhi ile wala pale dukani mpaka nilipoambiwa, na nilipoambiwa, ufagio ukawa wazi kabisa: swaa, swaa, nyuma ya cherehani.

"Kijana," mama akaongeza huku macho bado yamefumbwa, "hiyo feni yako ya juu ina skrubu moja imelegea. Usikae chini yake."

Kijana akasogea hatua mbili.

Nilitaka kupiga vigelegele hapo hapo. Mama akanizuia kwa mkono.

"Mashine nasikia," akasema taratibu. "Kama nasikia watu, hilo bado hatujui."

Tukazinunua. Kijana alipokuwa anafunga maboksi alinipa wosia: "Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, spika zote mbili, dada. Ukikosea hazitaungua, ila zitanuna." Nilitaka kumuuliza spika inanunaje, lakini mteja mwingine alikuwa ameshaulizia vile vitaa.

*

Jumapili yenyewe nilianza kazi asubuhi. Mama aliingia sebuleni, akapiga kofi moja, akasikiliza likirudi. "Chumba hiki kinajibizana," akasema, nami nikaleta mabaki yote ya vitambaa vizito vya mapazia tuliyoachiwa na wateja, nikatundika nyuma ya makochi, nikatandika zulia sakafuni. Alipiga kofi tena. Kofi likafa pale pale. Spika tuliziweka juu ya meza mbili za chuma za cherehani za kukanyaga, zile za zamani zenye maua ya chuma ubavuni, moja kushoto mwa runinga na moja kulia. Zikafika usawa wa sikio la mtu aliyekaa. Meza ya kulia iliyumba kidogo, lakini muda ulikuwa unakwenda.

Ikabaki waya. Pesa iliyobaki ilitutosha kununua waya wa bei ndogo, ule wenye njia mbili za ganda la rangi moja, huwezi kujua ipi ni ipi. Nikakata uzi mwekundu wa karakana, nikaufunga kwenye njia moja ya kila waya, ncha zote mbili. Yenye uzi iende kwenye tundu jekundu. Nikachomeka kwenye amplifaya vizuri, nikahamia spika ya kushoto.

"Hodi!"

Kaka na wifi walifika nusu saa kabla ya wakati. Kaka alibeba bahasha ya kaki, akaiweka juu ya meza katikati ya chumba, wala hakuieleza. Mama aliiona. Mimi niliiona. Mkataba wa kupangisha chumba, tayari umechapwa, unangoja sahihi.

"Ndiyo sinema hii?" Kaka akazunguka spika kama anayekadiria gari lililogongwa. "Mbili? Na kona imebonyea?"

"Hukualikwa kukagua hasara," nikasema nikiwa nyuma ya runinga, jasho linanichuruzika.

"Toka, unachelewesha. Malizia hiyo ya kushoto, mimi nitachomeka ya kulia. Nililelewa na bisibisi mimi."

"Wee!" wifi akasema. "Nyumbani kwetu hata balbu huitiwa fundi."

Tukacheka, hata yeye. Alivua koti, akapiga magoti, akachomeka. Mimi nikachukua ukanda wa kitambaa cheusi nikaubana chini ya kioo cha runinga, mahali maandishi yanapopita.

"Hicho cha nini?"

"Ili tusikie wote, kaka. Leo hakuna kusoma gazeti."

Wifi akajiangalia kucha.

Nikawasha. Filamu ilikuwa ya familia inayogombea shamba. Mzee mmoja akaanza kuongea na wanawe.

Sauti ilikuwa tupu. Ilikuwepo na haikuwepo. Mzee alifungua mdomo mbele yetu, na maneno yake yakatawanyika ukutani na kwenye mapazia, membamba, hayana kifua. Mlango ulipofungwa kwenye filamu ulisikika kama jani la karatasi. Niliongeza sauti, utupu nao ukaongezeka.

"Hii ndiyo akiba ya miezi minane?" kaka akauliza.

Nikaminya rimoti. Mimi, Kidomo, nikaminya rimoti tu.

"Mama," kaka akasema, "huyo mzee kasema nini?"

Mama alikuwa ameinama mbele, mikono juu ya magoti. Aliangalia runinga, akaangalia mikono yake. "Sijampata vizuri," akasema.

Kaka hakushangilia, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alimwekea mkono begani kwa huruma ya kweli. "Si kosa lako. Umri ni umri." Akavuta bahasha karibu, akatoa kalamu mfukoni mwa shati. Mama akaipokea kalamu. Naapa aliipokea. Aliishika kama anavyoshika bisibisi, na labda ni huko kushika kulikomkumbusha, kwa sababu alisimama ghafla.

"Ngojeni kwanza. Rudisha mwanzo."

"Mama, tusijisumbue..."

"Nimesema rudisha. Naweka sahihi kwenye kitu ambacho sijakisikiliza?"

Nikarudisha. Mzee akaanza tena kuongea na wanawe. Mama akafumba macho. Akatembea hadi spika ya kushoto, akaiinamia.

"Hapa yupo," akasema.

Akavuka chumba bila kufumbua macho, mkono mbele, hadi ya kulia.

"Hapa yupo."

Akarudi nyuma mpaka katikati, mahali tulipokaa sisi.

"Hapa hayupo." Akainamisha kichwa upande mmoja, kisha upande wa pili. "Kila mmoja akiwa peke yake ni mzima. Wakikutana katikati wanauana." Midomo yake ikaanza kuhesabu, kama dukani. Na nikamwona anatabasamu, macho yamefumbwa vile vile. "Zinagombana hizi. Moja inasukuma, nyingine inavuta. Ni kama kanyagio lenye miguu miwili ya watu wawili, mmoja anakwenda mbele na mwenzake anarudi nyuma. Mashine haigeuki hapo. Kidomo! Nani kachomeka ya kulia?"

Tukamtazama kaka sote. Wifi alikuwa wa kwanza.

"Mimi nimefuata alama," kaka akasema.

"Alama gani?"

"Uzi mwekundu. Nimeona waya wenye uzi mwekundu nikajua huo ndio mgonjwa. Nikaupeleka kwenye tundu jeusi, na mzima nikampa tundu jekundu, aongoze." Akatuangalia mmoja mmoja. "Si ndivyo? Si mgonjwa huyo?"

Nilijipiga kofi la paji la uso likasikika kuliko ule mlango wa filamu. Zitanuna, kijana alisema. Nyumba nzima ina nyuzi za kila rangi, na mimi nikachagua ule mmoja ambao kwa watoto wa nyumba ile una maana moja tu! Mtu wa kutoka nje angechomeka sawasawa. Ilibidi aliyekosea awe mwana wa Bi Sikio.

"Zima," mama akaniambia.

Nikazima. Alirudisha kalamu mezani, akatoa bisibisi yake ndogo iliyoishi mfukoni mwa gauni lake, akapiga magoti, lile goti lililopondeka likalia, akalegeza skrubu za matundu, akabadilisha njia mbili za waya, akakaza. Haikumaliza dakika moja. "Washa."

Nikawasha.

Mzee akaingia chumbani. Sijui niseme vipi zaidi ya hivyo. Alikuwa katikati, pale pale kwenye kioo, maneno yanatoka mdomoni mwake na si kwingine, mazito, yana kifua na mate na umri. Alipovuta pumzi tulisikia anavuta. Mlango ulipofungwa, tulijua ni mbao ngumu na ni nzito.

"Haa!" Wifi aliruka, akaenda kuchungulia nyuma ya runinga. "Kuna ya tatu? Mmeficha spika ya tatu hapa?"

"Mbili tu, wifi yangu," nikasema, na ulimi wangu ukawa umerudi kazini. "Mbili, na moja ina kona imebonyea."

Mama akavuta kiti. Akakivuta mpaka katikati kabisa, akakaa, mgongo umenyooka, na akaiangalia filamu ile kama mtu aliyerudishiwa nyumba yake. Nilipiga vile vigelegele nilivyozuiwa dukani, vyote, hadi jirani mwenye ufagio akagonga dirisha kuuliza nani anaolewa.

Kisha ikafika sehemu ya kitandani. Yule mzee amelala hospitali, binti yake amemwinamia, muziki unapigwa chinichini, mzee ananong'ona. Alinong'ona maneno mengi kwa pumzi ndogo. Nikamwona kaka macho yameteremka yenyewe chini ya kioo, yakagota kwenye kitambaa cheusi, yakapanda, yakateremka tena.

"Kasema nini huyo?" kaka akauliza.

Wifi akamgeukia mumewe.

Mama hakugeuza kichwa. "Kasema hati ya shamba ipo kwa dada yake, haijawahi kuibwa. Kasema aliificha kwa sababu aliwajua wanawe. Na hapo nje ya dirisha kuna gari limefika, wao bado hawajalisikia."

Kwenye filamu, taa za gari zikapita ukutani. Binti akageuka kwa hofu.

Wifi akapiga makofi. Mimi nilikuwa nalia na kucheka kwa wakati mmoja, na sikuona aibu.

Baada ya muda kaka akauliza tena, sauti ya chini: "Na sasa kasema nini?"

"Anamwita nesi," mama akasema.

Mara ya tatu mama akamjibu kwa kikohozi.

Basi tulicheka mpaka nikaisimamisha filamu. Kaka alicheka akiwa ameficha uso kwa viganja, mabega yanatikisika, na alipoviondoa macho yalikuwa mekundu. "Nisamehe, mama," akasema. "Nilidhani nakulinda."

"Ulinilinda na nini? Na kazi yangu?"

Kaka aliichukua ile bahasha ya kaki ili airudishe kwenye koti, lakini mama akainyoosha mikono, akampokonya. Akaikunja mara mbili, mara nne, akainama, akaisukuma chini ya mguu wa meza ya chuma ya kulia, ule uliokuwa unayumba. Akaitikisa meza. Haikutikisika.

"Karatasi nzuri," akasema. "Imetulia sasa."

Kisha akaenda nyuma ya spika, akaufungua uzi mwekundu kwenye waya. Tulidhani anautupa. Akamwendea kaka, afisa wa bima, mtu mzima mwenye koti la ofisini, akamfunga uzi ule kwenye kifungo cha juu cha shati, mafundo mawili, ya fundi.

"Mkwe," akamwambia wifi, "huyu asitumike mpaka apone."

"Nimesikia, mama," wifi akasema. "Mimi nasikia siku hizi."

Jumatatu asubuhi mshona mikoba alikuja kuchukua cherehani yake. Mama alikuwa ndiyo kwanza ameikata uzi shingoni, akaikanyaga na kuisikiliza kwa mara ya mwisho, saba, nane, tisa, kumi, na hakukuwa na tik, simu yangu ilipolia. Alikuwa kaka, yuko ofisini. Alikuwa amemjibu mtu wa simu: chumba kina mwenyewe, na mwenyewe yuko kazini. Mtu wa simu ameelewa.

"Na huu uzi," akauliza kwa kunong'ona, maana wenzake walikuwa karibu. "Bosi kaniuliza ni wa nini. Mwulize mama kama naweza kuukata."

Simu ilikuwa sikioni kwangu, na mama alikuwa ng'ambo ya karakana, na barabarani lori lilikuwa linapita. Nilifungua mdomo nimfikishie ujumbe.

"Mwambie asiukate," mama akasema bila kuinua kichwa kwenye mashine. "Aje Jumapili nimsikilize kwanza."